Sahihi Arobaini na Tatu

Monica wa Himo aliingia na ndoo. Hakupiga hodi. Aliitua juu ya meza ya Inspekta Violet, juu ya mafaili kabisa, na ile harufu ikatembea ofisi nzima mpaka Konstebo Nyamhanga, kule kaunta, akaziba pua na kofia yake.

"Tazama mwenyewe, afande," akasema Monica. "Sheria yenu ndiyo hiyo."

Mle ndani mlikuwa na maparachichi, yale madogo ya kwenda nje. Mengine yameoza yanatoa maji, mengine yamenyauka, magumu kama soli ya kiatu. Violet akayageuza kwa ncha ya kalamu.

"Haya yaliyooza?"

"Yalikuwa yamekomaa. Bichi haliozi hivyo, linasinyaa. Kwa hiyo nilikuwa na haki ya kuyasafirisha."

"Na haya yaliyosinyaa?"

Monica akakohoa kidogo. "Hayo wakulima waliniwekea chini ya gunia."

Basi, jambo lenyewe lilikuwa hivi, na Violet alikuwa amelirudia kichwani tangu jana bila kulimaliza. Wiki tatu nyuma serikali ilipiga marufuku kuchuma parachichi na kulisafirisha mpaka tarehe kumi na tano ya mwezi ujao. Kizuizi kikawekwa njia ya Himo, fuso ya Monica ikakamatwa hapo ikiwa imejaa, ikakaa siku nne juani. Na marufuku yenyewe ilitokana na barua. Wakulima arobaini na tatu wa Uru, wametia sahihi zao, wanaiomba serikali iwazuie wao wenyewe kuchuma. Monica akaenda kuwauliza wachache anaowanunulia, wote wakaapa kwamba hawajaomba kitu. Akarudi na wakili. Barua ya kughushi hiyo, akasema. Na kweli ilikuwa imechapwa kwenye karatasi ya chama cha msingi cha kahawa, na muhuri wa chama, na anayeutunza muhuri ni katibu, jina lake Praygod. Praygod akakamatwa jana mchana. Alipohojiwa alisema maneno machache tu: "Barua nimechapa mimi. Zaidi ya hapo sisemi." Kesho asubuhi anapanda mahakamani, na kughushi si kesi ya kuiba kuku, mtu anapotea miaka.

Sasa Violet alikuwa amefunga kesi nyingi, na hii ilionekana imeshajifunga yenyewe. Ndicho kilichomsumbua.

"Praygod ana miti mingapi ya parachichi?" akauliza.

"Hata mmoja hana! Huyo ni mtu wa makaratasi. Katumwa." Monica akasogea karibu na kushusha sauti, kama vile ndoo ingesikia. "Muulize Martin wa kampuni, pale Kwa Sadala. Njia ya Himo ikifungwa, parachichi zima la mlimani linamsubiri nani? Si yeye? Bei anapanga nani? Si yeye?"

Violet akaandika *Martin* kwenye daftari, akapiga mstari chini yake mara mbili. Halafu akamwomba Nyamhanga aitoe ile ndoo.

*

Kumtafuta Martin hakukuwa na kazi. Violet alikwenda ofisi ya kilimo kuiona barua halisi, maana yeye alipewa nakala kivuli tu, na hapohapo akamkuta Martin, kwenye benchi nje ya mlango wa afisa, amekunja nne, anasoma simu.

"Mara ya ngapi mwezi huu?" Violet akamuuliza.

"Ya sita. Kama si ya saba." Martin hakuona aibu. "Afande, najua unachotaka kuniuliza. Barua ya kampuni ipo humo ndani, ina jina langu na namba yangu ya simu. Sasa nighushi ya watu wengine kwa faida gani, na hapa nina kiti changu?"

Violet akatazama benchi. Kweli, upande aliokaa rangi ilikuwa imechubuka.

Afisa kilimo, Veronika, alikuwa mama mnene mpole mwenye miwani ya kamba. Akafungua faili. Barua zilikuwa tatu: ya kampuni, ya wachuuzi wa Himo, na ya wakulima.

"Nieleze kama mtoto," Violet akasema. "Serikali inaingiaje kwenye parachichi la mtu, kwenye kihamba cha nyumbani kwake, alilopanda mwenyewe?"

"Likiwa mtini utajua limekomaa?"

"Nitalibonyeza."

"Mtini yote magumu. Mkulima mwenyewe anakisia." Veronika akavua miwani. "Mmoja anachuma bichi, anauza mapema, anapata ile bei tamu ya mwanzo. Jirani akimwona, na yeye anakimbia asipitwe. Baada ya wiki mbili mlima mzima umechuma bichi. Mzigo unafika ng'ambo, hauivi, na jina baya tunapewa wote, hata yule aliyesubiri. Mwaka jana ndivyo ilivyokuwa. Jirani anaweza kumzuia jirani? Watakatana mapanga. Kwa hiyo tunaingia sisi."

"Basi marufuku ni kitu kizuri."

"Kizuri kabisa."

"Na tarehe kumi na tano imetoka wapi?"

Hapo Veronika akautazama mlango, upande wa benchi. "Kampuni walitaka tarehe thelathini, mashine yao mpya bado inafungwa. Himo hawakutaka marufuku yoyote. Tukashika katikati."

"Na mti wenyewe unasemaje?"

"Mti haukuandika barua, afande."

Violet hakujua acheke au anune. Alikuja na mtu mmoja wa kumshuku, akakuta kila mtu amepeleka barua mchana kweupe. "Na nyie mlimsikiliza nani?"

"Wale wawili wanavuta kila mmoja kwake, tungewasikilizaje? Ilipokuja ya wakulima ndiyo tukasema, haya, wenye mali wamenena. Si unaona, kila mmoja ameandika na miti yake. Tumejumlisha, mia tisa arobaini na sita. Ipo kwenye ripoti."

Violet akaivuta karatasi. Ukurasa wa kwanza umechapwa, muhuri safi. Wa pili ulikuwa umetoka kwenye daftari la mistari, ukingo umechanika, majina kwa kalamu, sahihi mbele, na pembeni ya kila jina namba. Ishirini na mbili. Kumi na tano. Thelathini. Pembeni palikuwa na madoa ya kahawia.

"Chai," Veronika akasema. "Vijijini huko ndivyo wanavyosaini."

Violet akalowesha kidole, akagusa doa, akanusa. Halikuwa chai. Lilikuwa udongo.

*

Gari la kituo halikuwa na mafuta, kama kawaida yake, kwa hiyo alipanda Uru kwa bodaboda mpaka njia ilipowashinda, akaendelea kwa miguu kati ya migomba. Alikuwa na kivuli cha ile orodha mkononi na mpango rahisi: aanze na jina la kwanza, aulize, aende la pili, aulize. Mtu akikana sahihi yake, kughushi kumethibitika, na Praygod kwisha habari yake.

Jina la kwanza lilikuwa Valerian. Akamkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Hii sahihi ni yako?"

Valerian akaisogeza karatasi mbali na macho, akaileta karibu. "Yangu."

"Kwa hiyo uliomba marufuku."

"Mimi? Sijaomba."

"Lakini umesaini."

"Sahihi ni yangu, ndiyo. Barua siijui."

"Mzee wangu, ulisaini au hukusaini?"

"Nimesaini. Sijui wapi." Akakuna kichwa. "Ila marufuku naipenda. Mwaka jana mzigo wangu umerudishwa na mwanangu kaniambia, baba, rudi kwenye ndizi zako."

Violet akaandika *kesi imekufa*. Akapiga mstari, akaandika *hapana*. Kama sahihi ni za kweli, kughushi hakuna. Na kama hakuna aliyeomba, barua ni ya uongo. Uongo wenye sahihi za kweli! Alikuwa hajawahi kuona kitu cha namna hiyo, hata kwa matapeli wa viwanja.

"Namba mbili anakaa wapi?"

"Huyo hapo chini."

Namba mbili akasema vilevile: sahihi yangu, barua siijui. "Namba tatu anakaa wapi?" Huyo hapo chini. Namba nne? Huyo hapo chini. Wa tano alikasirika, akataka kujua nani kauza jina lake, na mkewe akasema lile jina hata bure halinunuliki. Violet alipofika nyumba ya saba ndipo aliposimama katikati ya njia kama mtu aliyesahau chungu motoni.

Alikuwa hajarudi nyuma wala kuruka nyumba hata mara moja. Kila jina lilikuwa nyumba inayofuata. Na kila mara alikuwa anashuka.

Sasa mtu anayeghushi majina arobaini na tatu huandika yanavyomjia: rafiki zake kwanza, au wa ukoo mmoja, au kwa alfabeti kama alisoma sana. Hakuna anayeghushi kwa kushuka mlima.

Nyumba ya saba ilikuwa ya Yuditha, mjane, anapepeta maharage uani. Violet alimwamkia, akapewa kigoda na sahani ya kiburu ambayo hakuiomba. Kule ukikataa chakula hujibiwi maswali, kwa hiyo alikula.

"Sahihi yangu hiyo," Yuditha akasema. "Na kama ni mambo ya marufuku, ningeandika kinyume chake, tena kwa kalamu nyekundu. Mimi nauza mapema kwa Monica, na ninajua ni mapema. Wenye miti mia ndio wa kusubiri. Wanangu wanakula leo."

"Mama, wewe una miti mingapi?"

"Sita. Wa saba umekufa."

Violet akaangalia karatasi. Mbele ya Yuditha palikuwa na ishirini na mbili.

"Hapa umeandikiwa ishirini na mbili."

"Ndiyo. Ishirini na mbili zangu."

"Miti?"

Yuditha akaacha kupepeta. Akamtazama yule inspekta mzima na sare zake, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka maharage yakamwagika. "Mae! Miti gani? Hatua! Hatua zangu za mfongo! Wewe si Mchagga?"

Violet ni wa Old Moshi, ng'ambo ya pili ya bonde, na uso ulimwaka moto. Mfongo ni ule mfereji wa maji wa asili, unatoka juu korongoni unapita kila kihamba. Mara moja kwa mwaka watu wote wanaamka kuuzibua, na kila nyumba ina kipande chake cha kuchimba, kinapimwa kwa hatua, kuanzia kwenye banio, pale maji yanapochepushwa, kushuka chini. Msimamizi anatembea na daftari. Ukimaliza kipande chako unasaini papo hapo, na mikono yako ya tope. Usiposaini, faini ni debe la mbege.

Hata hivyo Violet hakuandika mpaka alipohakikisha. Alitoka mpaka kwenye mfongo, akatafuta jiwe la mpaka wa Yuditha, akatembea kuelekea jiwe la jirani akihesabu kwa sauti. Ishirini na mbili. Akaenda kipande cha jirani. Kumi na tano. Akatazama karatasi. Kumi na tano.

Serikali ilikuwa imejumlisha hatua ikaziita miti.

"Daftari la mfongo anashika nani?" akamwita Yuditha kutoka kule.

"Meku Leodegar. Nani mwingine?"

*

Alimkuta juu kwenye banio, mzee wa miaka sabini na tisa, suruali ameikunja, anaziba mahali maji yanapovuja kwa udongo na majani ya mgomba. Violet akamwamkia, akapokewa vizuri, akaambiwa akae kwenye jiwe lisilo na unyevu.

"Babu, ukurasa mmoja wa daftari lako umechanwa."

"Umechanwa na nani?"

"Ndicho nilichokuja kuuliza."

Mzee akanawa mikono, taratibu, kidole kwa kidole. "Nimeuchana mimi."

Violet alikuwa amejiandaa kwa saa nzima ya mzunguko, na jibu lile likamwacha mikono mitupu. "Kwa nini?"

"Praygod yuko ndani?"

"Yuko ndani. Kesho anapelekwa mahakamani."

"Nilidhani mnamhoji tu mnamwachia." Akakaa. "Yule ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Sikiliza, mama. Zamani serikali ilitukataza kung'oa mikahawa, na sisi tukaing'oa usiku. Unajua kwa nini? Ile sheria ilitoka kwa watu tusiowajua. Safari hii nikasema, ngoja itoke kwetu, maana ikitoka kwetu watu wataishika. Na mwaka jana tumeharibikiwa wote. Niliona kwa macho yangu, parachichi la Uru linamwagwa kama takataka."

"Kwa hiyo ungewaita mkutano, ukawauliza."

"Mkutano! Mkutano wa parachichi nani atakuja? Wa maji wanakuja. Martin ana gari, kila siku yuko ofisini. Monica ana wakili. Mimi nina mfongo." Akauonyesha kwa kidevu. "Miaka thelathini na moja nawasemea watu hawa kwenye maji. Nikisema zamu ibadilike, inabadilika. Wakigombana naamua mimi. Hakuna aliyewahi kuniambia, Leodegar, hukuniuliza. Sasa kinywa cha kusemea maji na cha kusemea parachichi si hikihiki?"

"Si sawa, babu."

"Kwa nini si sawa?"

Violet akafungua mdomo. Alijua si sawa, hilo alikuwa na uhakika nalo, ila kila alipolishika jibu liliteleza. Kule ofisini Veronika alisema jirani hawezi kumzuia jirani, na hapa amekaa mtu ambaye ndiyo kazi yake. Yuditha analalamika, Valerian anashukuru, na karatasi moja imewasemea wote wawili.

"Umepita nyumba ngapi?" mzee akauliza.

"Saba."

"Ukawauliza wametia sahihi au hawakutia."

"Ndiyo."

"Na wanachotaka umewauliza?"

Hakuwa amewauliza. Waliomwambia walijisemea wenyewe.

"Nirudi kwenye kesi," akasema, na sauti ilitoka kali kuliko alivyotaka. "Praygod alijua ukurasa huu ulitoka wapi?"

Mzee akaishusha suruali aliyoikunja, mguu mmoja, halafu wa pili. "Hakujua. Nilimpelekea nikamwambia watu wamekubali. Akachapa, akagonga muhuri. Angeniuliza nini mimi, babu yake?"

"Utaandika hivyo kituoni?"

"Nitaandika. Ngoja nivae viatu."

Na hapo ndipo kesi iliponyooka, kwa mara ya kwanza tangu ianze. Sahihi ni za kweli, kughushi hakuna. Aliyezihamisha ni mzee, mwenyewe amekiri. Katibu alichapa kwa nia njema, anarudi kwake. Violet alishuka na mzee polepole, amemshika kiwiko penye utelezi, na kichwani alikuwa tayari anapanga maneno ya ripoti.

*

Jioni, kaunta ya kituo. Maelezo ya Mzee Leodegar yalichukua kurasa mbili, akayasaini mwenyewe, kwa mwandiko ulelule wa namba za pembeni. Violet aliyasoma mara mbili hakuona tundu. Mkuu wake kwenye simu akasema, kama katibu hakujua chochote, mtoe, na huyo mzee mpe dhamana, usinilaze babu wa watu kwenye sakafu. Konstebo Nyamhanga akafungua kitabu cha mahabusu, akatafuta mstari wa Praygod, akashika kalamu.

"Mlete," Violet akasema.

Praygod akatoka bila mkanda, ameshikilia suruali kwa mkono, anapepesa macho kwenye mwanga. Akamwona Violet. Halafu akamwona babu yake kwenye benchi, na karatasi zenye sahihi yake mezani. Uso wake ukabadilika. Akaanza kusema kwa Kichagga, haraka, kwa sauti ya mtu anayelia bila machozi.

Nyamhanga ni mtu wa Tarime, hakuokota hata neno. Violet aliyaokota yote. Babu, umekuja kufanya nini? Si nilikwambia ukurasa wa mfongo hautafaa, watatugundua? Si nilikwambia nitabeba mimi, wewe nyamaza?

Mzee aliinamisha kichwa, akaangalia viatu vyake. Kwa maneno yale Praygod alijua tangu mwanzo, na maelezo yale ya kurasa mbili yalikuwa na uongo katikati, palepale pa muhimu. Kalamu ya Nyamhanga ilikuwa imesimama juu ya mstari.

"Anasemaje, afande?"

Violet akamtazama yule kijana na suruali yake mkononi. Akawafikiria Martin na benchi lake, na miti mia tisa arobaini na sita isiyokuwepo duniani, ambayo hakuna atakayekamatwa kwa ajili yake. Alijaribu kuona nani hasa kaibiwa nini, hakuona vizuri. Kesho labda ataona.

"Anamwamkia babu yake," akasema. "Anasema shikamoo."

Nyamhanga akamgeukia mzee, anasubiri.

Mzee Leodegar akainua kichwa polepole. Akamwangalia Violet kwanza, kisha mjukuu wake.

"Marahaba," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa ya kusikika kaunta nzima. "Marahaba, mjukuu wangu."

Nyamhanga akaandika *ameachiwa*.